Tarehe ya Kumlisha na Kumtembeza Mgeni katika Nchi ya Kisii

Katika miji mikubwa ya Ulaya, Paris, Roma na Lisbon miongoni mwake, ipo biashara iliyostawi sana siku hizi, nayo ni ya kumtembeza mgeni kutwa nzima kwa miguu, akionjeshwa jibini katika duka moja, mkate katika tanuri la pili na samaki wa kukaanga katika soko la tatu, na baina ya tonge na tonge akionyeshwa kanisa la kale, daraja la mawe au nyumba aliyofia mshairi fulani, mpaka jua linapokuchwa awe ameshiba kwa tumbo na kwa macho, na amekwisha kulipia yote mawili. Wanaoifanya kazi hiyo huisifu kana kwamba ni uvumbuzi wa juzi, walakini mizizi yake ina umri. Tarehe 5 Julai 1841 Mwingereza mmoja aitwaye Thomas Cook, seremala wa samani aliyekuwa pia mhubiri, aliwakusanya watu wapatao 500 katika mji wa Leicester, akawapeleka kwa gari moshi hadi Loughborough na kuwarudisha siku ile ile kwa nauli ya shilingi moja kila mtu. Na kutokana na safari hiyo fupi kampuni kubwa ya utalii ikazaliwa, na dunia ikazoea jambo la mtu kulipa ili aongozwe.

Abiria wale wa Cook, na hili hunichekesha kila nilikumbukapo, walikuwa wakienda kwenye mkutano wa kupinga ulevi. Katika zama zizo hizo, juu ya vilima vilivyo mashariki ya Ziwa Victoria, mzee wa heshima hakuweza kusemwa kuwa amepokewa vema ugenini kama hakuketishwa mbele ya chungu cha pombe ya wimbi. Kwa hiyo tukisema kwamba Kisii na Nyamira zina tarehe yake ya kumlisha mgeni na kumtembeza, hatusemi kwamba ziliiga Ulaya, wala hatusemi kwamba ziliitangulia. Njia zake zilikuwa nyingine kabisa, na makala haya yanakusudia kuzifuata.

Nchi ya Abagusii ni nchi ya miinuko. Mji wa Kisii wenyewe umekaa kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mvua hainyimi udongo wake mwekundu kwa muda mrefu, na vilima hulimwa kutoka bondeni hadi kileleni, kwa kuwa watu ni wengi na ardhi ni ile ile. Zamani ilikuwa wilaya moja; Nyamira ikatengwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu uchaguzi wa 2013 kila upande umekuwa kaunti yenye gavana wake. Serikali imechora mpaka huo, lakini koo kubwa za kale, Abagetutu, Ababasi, Abagirango, Abanchari, Abamachoge na Abanyaribari, zinaoana kupita juu yake kama zilivyooana siku zote, na chakula cha upande mmoja ndicho chakula cha upande wa pili.

Nyumba ya Mgusii wa kale ilikuwa ya mviringo, ya udongo, imeezekwa kwa nyasi, na ndani yake iligawanywa sehemu mbili, ambazo mojawapo, iliyoitwa eero, ndiyo iliyokuwa mahali pa bwana wa nyumba na wageni wake. Walakini si kila mgeni aliruhusiwa kuingia katika kila nyumba. Palikuwa na taratibu zilizojulikana kwa jina la chinsoni, yaani sheria za haya na taadhima baina ya vizazi, nazo zilikuwa kali: baba hakuthubutu kukanyaga ndani ya nyumba ya mwanawe aliyekwisha oa, na watu wa vizazi viwili vilivyofuatana walichunga maneno yao wawapo pamoja, ilhali babu na mjukuu waliweza kutaniana watakavyo bila mtu kukunja uso. Mgeni alipofika, basi, jambo la kwanza halikuwa chakula bali nasaba. Aliulizwa ni wa mlango gani, mama yake alizaliwa wapi, na nani amemwoa nani, mpaka wenyeji wakajua kama huyu aliyesimama uani ni “baba” wa kuogopwa, ni “ndugu” wa kukaa naye, au ni “babu” wa kufanyiwa mzaha. Hapo tu ndipo ilipojulikana aketi wapi na ale na nani. Mtu wa mjini leo aweza kuona kwamba ni usumbufu. Mimi naona kwamba hakuna mwongozaji wa Paris ambaye humjua mgeni wake nusu ya alivyojulikana mgeni huyo kabla hajanawa mikono.

Kisha chakula. Chakula kikuu kilikuwa obokima, ugali wa wimbi, ambao unga wake ulisagwa juu ya jiwe, mwanamke amepiga magoti na jiwe dogo li mikononi akilisukuma mbele na nyuma. Ukasongwa mpaka ukashika rangi ya hudhurungi na kukaza, ukapakuliwa ndani ya kikapu kidogo kilichosukwa kwa ustadi kiitwacho ekee, ambacho huuhifadhia ugali joto lake hata mazungumzo yakirefuka. Ekee ingali ikionekana katika arusi na mapokezi ya mahari, na mahali pengine ugali wa mahindi ndio unaowekwa ndani yake, jambo ambalo wazee hulitazama kwa jicho la pembeni lakini ugali wenyewe huula.

Kitoweo kilichostahili heshima kuliko vyote, ukiacha nyama, kilikuwa chinsaga, yaani mgagani, na hapa yafaa tukae kidogo, kwa sababu watu wengi wa nje huionja mboga hii siku isiyo yake na kuihukumu kwa ukali wake. Mgagani hauchumwi na kupikwa kwa pupa. Majani huondolewa kwenye vikonyo moja moja, kazi ambayo huwakutanisha wanawake wawili watatu barazani na kuwapa wasaa wa kusimuliana habari za kijiji kizima. Huoshwa, hutokoswa, na maji yake machungu humwagwa. Ndipo maziwa yanapotiwa, chungu kikafunikwa na kuachwa. Kesho yake huchemshwa tena na kuongezewa maziwa, na pengine keshokutwa vivyo hivyo, mpaka uchungu ukageuka kuwa ladha ambayo Mgusii aliyeko Nairobi au Minneapolis huikumbuka kuliko kitu chochote cha kwao. Mzazi aliyetoka kujifungua hupewa mboga hii ili apate nguvu na maziwa. Kando yake palikuwa na rinagu, ambayo ni mnavu, na maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu. Mgeni aliyeondoka bila kula kwa kisingizio cha haraka alihesabiwa kuwa ama ana ugomvi na nyumba ile, ama anashuku kulogwa, na katika hayo mawili sijui lipi lilikuwa baya zaidi.

Amarwa, pombe ya wimbi, ilikuwa na adabu yake. Chungu kiliwekwa katikati, kikaongezwa maji ya moto, kwa kuwa pombe hii hunywewa ikiwa na vuguvugu, na wazee wakakizunguka kwa kufuata umri na daraja, kila mmoja na mrija wake mrefu, wakivuta kwa utulivu na kusema kwa zamu. Mashauri ya mahari, ya mipaka ya mashamba na ya ng'ombe waliopotea yalikatwa hapo. Palipokuwa na mpiga obokano, ile zeze kubwa ya nyuzi 8 ambayo sauti yake nzito huunguruma chini kwa chini, mgeni aliweza kusikia jina la baba yake likitajwa ndani ya wimbo, na hiyo ilikuwa zawadi isiyonunulika. Lakini ukarimu wa Kisii haukuwa wa bure kabisa. Palikuwa na chama cha majirani cha kulima kwa pamoja kilichoitwa risaga, ambacho ujira wake ulikuwa pombe hiyo hiyo. Na mgeni aliyefika siku ya risaga alikuta watu wote shambani. Waswahili wa pwani humpa mgeni siku mbili kabla ya kumpa jembe. Bara huku, mgeni mwenye bahati mbaya aliweza kulipata asubuhi ya kwanza.

Ama kuhusu kutembezwa, mgeni wa zamani alitembezwa kwa sababu ya usalama kabla ya kutembezwa kwa sababu ya furaha. Koo za Abagusii ziligombana zenyewe kwa zenyewe, na mipakani palikuwa na Wakipsigis na Wamasai waliokuwa wakivizia ng'ombe, nao Abagusii wakivizia wa kwao. Mtu hakwenda peke yake katika nchi ya ukoo mwingine. Alikwenda kwa njia ya ndoa. Kwa vile mume na mke hawakuweza kutoka katika ukoo mmoja, kila mtu alikuwa na wajomba na wakwe mahali pengine, na mjomba ndiye aliyekuwa cheti chake cha kupitia: alimpokea mpakani, akamwonyesha mito ya kuvukia, miti isiyokatwa, na mahali ambapo watu wa zamani walipigana na nani aliangukia wapi. Upande wa magharibi na kaskazini, walikopakana na Wajaluo, biashara ilifungua njia ambazo vita vilizifunga. Wanawake wa Kisii waliteremka na vikapu vya wimbi, na Wajaluo wakaleta samaki, vyungu, chumvi na mifugo. Na mwaka ambao mvua iliwapita watu wa tambarare, nafaka ya vilimani ilikuwa ndiyo uhai wao.

Mwaka 1905 nchi hii ilifikiwa na wageni wa namna mpya, waliokuja na bunduki. Jeshi la Waingereza lilipita mwaka huo likaua na kuteka mifugo, na mwaka 1907 kijana mmoja mtawala, G.A.S. Northcote, akaweka kituo cha serikali mahali palipoitwa Getembe, ambapo sasa ndipo mji wa Kisii. Huyu alikuwa mgeni ambaye hakuulizwa nasaba yake na hakutaka kuulizwa. Mtabiri Moraa, mwanamke mwenye ulimi mkali, aliwakejeli vijana wa Getutu kwa kumwacha mtu huyo akizunguka nchini kana kwamba ni yake, na Januari 1908, Northcote akiwa safarini amepanda mnyama wake pamoja na askari, kijana Otenyo akamchoma mkuki mgongoni. Northcote hakufa. Kisasi kilichofuata kilikuwa cha kutisha: nyumba zilichomwa, ng'ombe walichukuliwa kwa maelfu, na watu waliuawa kwa wingi hata Winston Churchill, ambaye wakati huo alikuwa naibu waziri katika Wizara ya Makoloni, akalalamika kutoka London. Otenyo alikamatwa na kuuawa, na Abagusii husimulia mpaka leo kwamba kichwa chake kilipelekwa Uingereza, nao wamekidai hadharani kwa miaka mingi. Northcote naye alipanda cheo hadi akawa gavana wa Hong Kong kutoka 1937 hadi 1941.

Nalitaja tukio hili katika makala ya chakula na matembezi kwa sababu ndilo lililogeuza maana ya ziara. Tangu hapo mtembezi mkuu wa nchi alikuwa ni afisa wa serikali, na ziara yake, ambayo aliiita safari, ilikuwa ya mahema, wapagazi na baraza. Chifu alipaswa kuhakikisha kuwa kuku, mayai na maziwa yapo, na wenyeji walionyeshwa kwa mgeni badala ya mgeni kuonyeshwa nchi. Katika mwaka 1912 au karibu yake serikali ikavunja ebisarate, kambi za malishoni ambamo vijana walilinda ng'ombe na kula kwa pamoja, na hivyo mlo mmoja wa kale, ule wa wanaume watupu wa maziwa na damu na nyama chini ya anga, ukatoweka kwa amri. Mwaka 1911 mapadri Wakatoliki walikuwa wamefungua misheni ya Nyabururu, na baada yao kidogo Waadventista Wasabato wakakaa Nyanchwa; na mafundisho ya hawa wa pili yaligusa meza moja kwa moja, kwa kuwa waliharimisha pombe na tumbaku. Hesabu ya Waadventista katika Kisii na Nyamira ni kubwa hata leo, na ziko nyumba nyingi ambamo mgeni hajawahi kuona chungu cha amarwa, bali hupokewa kwa chai ya maziwa. Thomas Cook angefurahi.

Septemba 1914 vita vya Wazungu vilifika Getembe vyenyewe. Kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka kutoka kusini na kuukalia mji, na tarehe 12 Septemba wakapigana na askari wa King's African Rifles vilimani kando ya mji kutwa nzima, kisha kila upande ukarudi nyuma ukiudhani mwingine una nguvu zaidi. Katika pengo hilo ambalo halikuwa na serikali, wenyeji waliingia mjini wakabeba vilivyokuwa madukani na katika misheni, wakiamini kwamba mgeni asiyealikwa amekwenda zake. Hakuwa amekwenda, na faini ya mifugo ikatozwa.

Mji ulipojengwa upya ulijengwa na wafanyabiashara. Wahindi walifungua maduka, ngozi na nafaka zikateremshwa kwenda bandari ya Kendu Bay ziwani, na chumvi, nguo na sukari zikapanda. Mahindi yakaanza kulisukuma wimbi pembeni, kwanza kwa sababu hayahitaji kulindwa dhidi ya ndege kama wimbi, na baadaye kwa sababu vinu vya kusaga viliyapenda. Katika miaka ya 1930 serikali, ambayo kabla ya hapo ilikuwa imewazuia Waafrika wasilime kahawa nzuri wakaishindania na walowezi, ikaruhusu ijaribiwe Kisii na Meru, na chifu Musa Nyandusi wa Nyaribari akawa miongoni mwa waliotangulia kuipanda. Baadaye pareto na chai zikafuata. Chai ndiyo iliyobaki ikitawala mandhari, hasa Nyamira, ambako ukitoka Keroka kuelekea Kebirigo na Nyansiongo macho yako hayapumziki kwa ukijani. Mchumaji hukata majani mawili na chipukizi, hutupa begani ndani ya kikapu, na jioni hukaa katika foleni ya kituo cha kununulia akingoja mizani, kwa kuwa majani yaliyochumwa leo hayalali. Ni ajabu ndogo ya tarehe kwamba kinywaji kilichochukua nafasi ya amarwa katika mapokezi ya mgeni hutoka katika kilima kile kile ambacho wimbi lake lilikuwa likipikiwa pombe.

Meza ya kisasa ya Kisii, basi, haikai tena ndani ya eero, inakaa sokoni. Soko la Daraja Mbili, ambalo siku zake kubwa ni Jumatatu na Alhamisi, ni la kutazamwa na mtu anayetaka kuijua nchi hii kuliko jengo lolote la mji. Ndizi ndizo hulitawala: mikungu mibichi ya kupikia imelazwa chini safu kwa safu, ndizi mbivu za manjano zimepangwa juu ya magunia, na wachukuzi wakipita na mikokoteni wakipiga kelele za kutaka njia. Parachichi hununuliwa na madalali kwa magunia na kupelekwa mijini. Mwanamke wa mboga hukaa nyuma ya mafungu ya mgagani na mnavu aliyoyanyunyizia maji, na ukimwuliza namna ya kupika atakupa somo zima bila kukudai kitu, na pengine atakukaripia ukimwambia kwamba unatia magadi. Nyuma ya soko ziko hoteli za mabanda, na ndizo zinazostahili kuitwa hazina ya mapishi ya leo: ugali wa wimbi na mahindi uliochanganywa, mgagani uliotiwa maziwa, kuku wa kienyeji, samaki waliotoka ziwani asubuhi ile ile, matoke yaliyopikwa pamoja na nyama. Mteja hunawa kwa birika na beseni, hula kwa mkono, na akimaliza huulizwa kama mboga imetosha. Najua wako watu wa mji wanaowapeleka wageni wao kwenye hoteli za ghorofa kula viazi vya kukaanga kwa kudhani kwamba ndiyo heshima. Hiyo ni dhana mbovu, na mgeni hula tu kwa adabu.

Baada ya kula ni lazima mtu apande Manga. Ukingo huu wa mawe, ulio upande wa Nyamira juu ya bonde, huanguka ghafla kwa kina cha kutia kizunguzungu, na kutoka juu yake, siku isiyo na ukungu, huonekana nyanda za Kano, Ghuba ya Winam na milima iliyo ng'ambo yake, yaani njia ile ile ambayo baadhi ya mababu wa Abagusii waliipandia kutoka tambarare hadi vilimani. Lipo pale shimo liitwalo Engoro ya Mwaga, ambalo wazee hulihusisha na mizimu na mambo ya ghaibu, na ambalo hadithi zake hutofautiana kwa kila anayezisimulia. Karibu na huko pia hukumbukwa habari za Sakawa, mtabiri mashuhuri wa karne ya 19, ambaye inasimuliwa kwamba alionyesha kabla ya kuja Wazungu mahali ambapo mji wa Getembe ungejengwa na kila jengo litakapokaa. Mwanahistoria aweza kuuliza maswali magumu juu ya utabiri uliosimuliwa baada ya jambo kutokea. Lakini kwa mtu aliyesimama juu ya Manga akiuona mji kwa mbali, hadithi hiyo ina maana, kwa kuwa inawapa wenyeji haki ya kusema kwamba mji ule ulikuwa wao hata kabla haujajengwa na mwingine. Mahali pa namna hii hapana bango la kutosha, na ni vijana wa jirani, kwa hiari yao, ndio humwambia mgeni asikaribie ukingo palipo na utelezi.

Mwisho wa siku uwe Tabaka, kusini magharibi mwa mji, kwa barabara ya kwenda Migori kupitia Suneka. Hapa ndipo machimbo ya jiwe laini linalojulikana ulimwenguni kama jiwe la Kisii, na hapa ndipo mahali pekee katika nchi hii ambapo kazi ya mikono ya wenyeji imepata kuwa jina la biashara ya kimataifa. Zamani jiwe lilichongwa kuwa viko vya tumbaku na vibakuli vya matumizi ya nyumbani. Walipokuja watawala na wamisheni wakawa wanunuzi, wakataka visahani vya majivu, vinara na vinyago vya wanyama, na wachongaji wakawapa walichotaka. Biashara ikakua, na baada ya uhuru ikawa riziki ya maelfu ya watu wa Mugirango Kusini.

Wachimbaji huingia mashimoni na mitaimbo na sururu, wakavunja mapande meupe, ya rangi ya malai, ya waridi na ya kijivu, wakayapandisha mgongoni. Msimu wa mvua mashimo hujaa maji na kuta zake hazina amana. Mchongaji hukaa chini ya mti amezungukwa na vumbi, jiwe kati ya nyayo zake, akalikata kwanza kwa panga kama akatavyo muhogo, kisha kwa patasi na kisu, mpaka kiboko au mama na mtoto wakajitokeza. Hapo kazi hupita mikononi mwa wanawake. Wao huketi kuzunguka mabeseni ya maji na kusugua kila kipande kwa msasa, wa kukwaruza kwanza, laini baadaye, vidole vyao vimekunjamana kwa unyevu. Kikishakauka juani hupakwa nta na kung'arishwa kwa kitambaa. Bila msasa huo jiwe la Kisii ni jiwe tu, na bado katika maelezo yaliyoandikwa juu ya sanaa hii mwanamke hutajwa mwishoni, kama akitajwa. Vumbi nalo ni adui, na wengi hulivuta miaka nenda miaka rudi bila kitambaa puani.

Kutoka Tabaka ametoka Elkana Ong'esa, mchongaji ambaye sanamu yake ya ndege wa amani imesimama katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Watalii wanaotembezwa mji huo hupita wakaitazama, na pengine mwongozaji huwaambia kwamba ni kazi ya Kenya, na inatosha. Vitu vingi vya Tabaka havikupata hata heshima hiyo. Vimeuzwa kwa madalali kwa bei ya chini, vikafungwa katika masanduku, vikafika katika maduka ya Nairobi, London na New York bila jina la kijiji wala la mtu, na faida kubwa ikabaki njiani. Vikundi vya kujisaidia vimejaribu kuirekebisha hali hiyo kwa kuuza nje vyenyewe, na vimefanikiwa kiasi. Lakini dawa iliyo nyepesi kuliko zote ni mnunuzi kufika mwenyewe.

Na hapo ndipo penye lawama yangu. Mbuga ya Maasai Mara iko jirani, upande wa pili wa Kilgoris, na kila mwaka magari ya watalii hushuka kutoka Nairobi kupitia Narok, yakawatazamisha wageni simba, yakarudi njia ile ile, kana kwamba binadamu wa nchi jirani si wa kutazamwa wala chakula chao si cha kuliwa. Serikali za kaunti hizi mbili zimesema mengi juu ya utalii. Manga inahitaji njia salama na ukuta mfupi mahali pa hatari. Tabaka inahitaji barabara isiyokatika kwa mvua. Na vijana waliosoma historia katika Chuo Kikuu cha Kisii wanahitaji kufundishwa kazi ya uongozaji na kupewa vyeti, ili kisa cha Otenyo na Moraa kisimuliwe na mjukuu wao badala ya dereva aliyekisikia kwa dereva mwenzake. Haya si mambo ya fedha nyingi. Ni mambo ya kuamua.

Nawe msomaji, ukijaliwa safari ya kwenda magharibi ya Kenya, fika Kisii siku ya Jumatatu au Alhamisi, ule mchana katika banda la Daraja Mbili na uagize mgagani uliolala, upande Manga kabla ya mvua ya alasiri, na ukifika Tabaka ununue kwa mkono wa aliyechonga, umwulize jina lake na la aliyepiga msasa, na uyaandike chini ya sanamu kabla hujaifunga.